Baba Alipobaki Pwani

Upepo ukitoka upande wa jalala, mama alifunga dirisha na kuziba nyufa kwa matambara. Ukigeuka, alilifungua kidogo, kwa hadhari, kama mtu anayemfungulia mgeni asiyemwamini. Tuliishi Dandora, katika ploti yenye vyumba vilivyozunguka ua mmoja, bomba moja na choo kimoja. Taka za jiji zima zilimwagwa nyuma yetu, ng'ambo ya barabara ya vumbi, na zilikuwa zikiwaka tangu nilipopata akili. Hakuna aliyejua nani aliwasha moto ule. Ulikula chini kwa chini, ukatoa moshi mzito wenye ladha ya plastiki na mpira, na sisi tukauvuta. Nguo nyeupe tulianika ndani. Sare za shule za wadogo zangu wawili zilinuka moshi hata zikiwa zimetoka kufuliwa.

Baba alikuwa mchongaji. Kama wanaume wengi waliotoka Ukambani, alijifunza kazi hiyo kwa baba yake na kwa kaka yake mkubwa, kisha akaja kuifanyia Nairobi. Alichonga twiga, ndovu na vifaru kwa mti wa muhugu, katika kibanda kirefu cha mabati ambamo wachongaji waliketi chini goti kwa goti, maranda yakiwafika kwenye vifundo vya miguu. Jioni alikuja na gunia la wanyama ambao hawajalainishwa. Baada ya chakula, meza ikisafishwa, sisi watoto tulipiga msasa na mama akapaka rangi ya viatu mpaka ndovu wakang'aa. Vumbi la muhugu ni laini kama unga. Lina harufu nzuri, tena ya manukato, na lilikaa kila mahali: kwenye blanketi, kwenye nywele, juu ya sukuma wiki.

Mama naye alikuwa na sufuria yake. Kabla hakujapambazuka vizuri alikwenda machinjioni Kiamaiko kuchukua vichwa na miguu ya mbuzi, akavibabua motoni, akavikwangua, akavichemsha. Wanaume waliokuwa wakienda kazini walikunywa supu ile wakiwa wamesimama langoni, kikombe mkono mmoja na pilipili mkono wa pili. Sufuria ile haikujua Jumapili wala haikujua mafua. Mama alikwenda kanisani ibada ya pili kwa sababu ya kwanza ilimkuta jikoni.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Alama zangu hazikuwa mbaya, lakini hazikutosha chuo kikuu, na karo ya chuo kingine haikuwepo. Nikaambiwa ningoje. Nilingoja nikipiga msasa, nikiteka maji, nikikwangua vichwa vya mbuzi. Vijana waliokaa kwenye ukuta wa jirani walinijua kwa hali hiyo.

"Niaje, siste. Bado uko tu?"

"Bado niko."

Walisema bila ubaya, ndiyo salamu yao. Lakini kila nikijibu nilihisi kama nimetia sahihi kwamba nitabaki.

Mwaka huo kifua cha baba kilianza kumsumbua. Kwanza ilikuwa kikohozi cha asubuhi, kile tulichokuwa nacho sote. Halafu akaanza kupumzika njiani akitoka kazini, akajifanya anaangalia mitumba ya barabarani. Halafu akawa analala ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akijinyoosha kitandani pumzi ilimkatika. Tulisikia kifua kikilia usiku kama mlango usio na mafuta. Wadogo zangu walikuwa wakimcheka mwanzoni. Baadaye wakaacha.

Nilimpeleka kliniki mimi. Daktari alikuwa kijana mwenye uso wa kuchoka. Alimsikiliza mgongo, akamuuliza kazi yake, akamuuliza anapoishi. Baba alipotaja Dandora, daktari aliweka kalamu chini.

"Mzee, dawa nitakupa. Lakini asubuhi unavuta vumbi na jioni unavuta moshi. Hiyo dawa itafanya kazi saa ngapi?"

Baba akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Huna mahali pengine pa kwenda? Hata kwa muda?"

"Ninaye kaka yangu Pwani," baba alisema, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kutoa siri.

Baba mkubwa alikuwa amehamia Pwani kabla sijazaliwa. Alioa huko, mwanamke Mgiriama, na hakurudi ila kwa mazishi. Nyumbani walimsema kuwa amepotea. Mama alipopelekewa habari ya daktari alikuwa ameinamia jiko, na hakuinua kichwa.

"Ataenda na nani? Mimi nikiondoka, wateja watapata pengine pa kunywa kabla hata sijafika Athi River." Kisha akaniangalia. "Utampeleka wewe. Umkalishe, umwone anapumua, urudi."

Nakumbuka furaha iliyonipata, na jinsi nilivyoificha. Nilichukua ndoo nikaenda bombani, nikasimama kwenye foleni nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Tulikwenda kwa treni, daraja la tatu. Ilikuwa mwezi wa Agosti, Nairobi kuna baridi ya kuuma mifupa. Baba alivaa koti lake la kanisani na tezo zake za kuchongea alizifunga ndani ya gunia, ingawa daktari alikuwa amemkataza kazi. Treni ilikwenda polepole. Mahali pengine ilisimama bila sababu, watu wakashuka kunyoosha miguu, wakapanda tena. Baba alilala ameketi, kama alivyozoea, na kwa mara ya kwanza hilo halikuonekana ugonjwa, maana abiria wote walilala hivyo. Asubuhi niliamka nikaona minazi. Baba alikuwa ameamka kabla yangu.

"Fungua dirisha," aliniambia.

"Utashikwa na baridi."

"Wewe fungua."

Hewa iliyoingia ilikuwa na joto la wastani, na unyevu, na haikuwa na harufu ya kitu chochote kinachoungua. Baba aliivuta mpaka kifua kikakwama, akakohoa, akavuta tena.

Kutoka mjini tulichukua basi kwenda kaskazini, tukashuka mahali ambapo barabara ya lami ilikutana na njia ya mchanga. Baba mkubwa alikuwa amesimama hapo na baiskeli. Alikuwa mrefu kuliko baba, mkavu kama ufito, amevaa kikoi. Walishikana mikono muda mrefu. Kisha akamtazama jinsi anavyohema, akapigapiga karia ya baiskeli.

"Panda."

"Kaka, mimi si mtoto."

"Nilikubeba ukiwa mtoto. Panda."

Baba akapanda, miguu ikiburura mchanga pande zote mbili, gunia la tezo mapajani. Mimi nilifuata nyuma na mizigo. Sikumtazama usoni. Nilijua hakutaka atazamwe.

Nyumba ya baba mkubwa ilikuwa ya udongo na makuti, chini ya mikorosho, mwendo mfupi kutoka mkono wa bahari ulioingia ndani kati ya mikoko. Mkewe, mama mkubwa, alikuwa mnene, mcheshi, na hakunisamehe kosa lolote la adabu. Siku ya kwanza niliwasalimu wazee wa jirani kwa kusema "habari zenu," akanivuta pembeni.

"Huko kwenu watu hawashikani miguu? Sema shikamoo."

Jioni aliniambia nimletee mbuzi. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikaenda hadi kwa jirani, nikarudi kumwambia mbuzi ni mmoja tu na amefungwa kwa watu. Alicheka akaketi chini. Mbuzi aliyemtaka alikuwa kibao cha kukunia nazi, kilichokuwa nyuma ya mlango.

Katika nyumba ile hapakuwa na pipa la taka, na ilinichukua muda kugundua hivyo. Nazi ikikunwa, kifuu kilikwenda jikoni kuwa kuni. Makumbi yalifumwa kamba au yakasugua sufuria. Kuti likichakaa paani liliwashia moto. Maji ya kuoshea mchele alipewa mpapai. Majivu yalikwenda chooni kuua harufu. Uani kulifagiliwa kila asubuhi na kilichopatikana kilikuwa majani matupu. Mimi niliyekulia nyuma ya taka za watu wote wa Nairobi nilisimama na ganda la ndizi mkononi, nisijue nilitupe wapi, mpaka mama mkubwa akalichukua akampa kondoo.

Karibu na hapo, ukingoni mwa mkono wa bahari, mwanamke mmoja wa Kizungu alikuwa na vibanda vya wageni. Kijijini walimwita Mama wa Vibanda. Alizungumza Kiswahili cha Pwani vizuri kuliko mimi. Hakutaka jenereta. Wageni wake waliwasha fanusi, waliogea maji ya kisima kwa kata, na choo chao kilikuwa cha shimo na majivu. Wengi walikuja kwa treni ileile tuliyoijia, ila daraja tofauti, kisha akawapa baiskeli. Plastiki yoyote aliyokuja nayo mgeni aliambiwa arudi nayo kwao. Walikuja kupumzika, kutoka Nairobi na kutoka ng'ambo, na walilipa vizuri kwa ajili ya kata na fanusi.

Baba mkubwa ndiye aliyemchongea vigoda, miiko na mabakuli. Na yote aliyachonga kwa mwarobaini, kwa sababu Mama wa Vibanda hakutaka muhugu uingie kwake. Hapo ndipo baba alipokasirika. Alikuwa ameketi kibarazani, na kaka yake alikuwa akilainisha kigoda.

"Mwarobaini ni dawa ya malaria," baba alisema. "Watu wanachemsha majani. Tangu lini umekuwa mti wa kuchongwa?"

"Tangu muhugu uishe."

"Haujaisha. Magari yanaleta."

"Yanaleta kutoka wapi? Zamani ulikatwa hapo Ngong tu. Sasa lori linalala njiani. Na magogo yenyewe umeyaona? Si membamba kama mkono?"

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemaliza msitu."

"Sikusema wewe. Na mimi pia nimeukata." Baba mkubwa alipuliza vumbi kwenye kigoda. "Mwarobaini unaota hata ukiutukana. Unaukata leo, kesho kutwa umechipua. Jaribu."

Baba hakujaribu. Alikaa siku nyingi akitazama tu, mikono mapajani, na kusema kwamba mti ule utapasuka. Na kweli gogo moja lilipasuka, akafurahi. Baba mkubwa akamwonyesha: ulikuwa haujakauka vizuri. Magogo ya kuchongwa aliyalaza kivulini, akayapaka nta kwenye ncha, akayasahau kwa miezi. Asubuhi moja nilirudi kutoka kisimani nikamkuta baba ameketi nje ya banda la kuchongea, mgongo kwa upepo wa kusi, ana tezo mkononi. Vumbi lilikuwa linamtoka mbele na kwenda zake baharini. Alikuwa anachonga bakuli.

Wiki zilizofuata nilimwona baba yangu akirudi. Siwezi kulieleza kwa njia nyingine. Alianza kulala amejinyoosha. Alianza kutembea hadi kwenye mikoko, halafu hadi barabarani. Siku moja nikiwa nafua nilisikia mluzi, wimbo wa Kikamba ambao wanaume huimba wakichimba mitaro, nikadhani ni baba mkubwa. Kugeuka, ni baba. Niliacha nguo kwenye karai nikaketi. Kupiga mluzi kunataka pumzi.

Mimi nami nilikuwa nimepata mahali. Mama wa Vibanda alihitaji mtu wa kupokea wageni, mwenye Kiingereza cha shule na asiyeogopa kazi. Nilianza kwa kumsaidia, nikawapeleka watu kwenye vibanda vyao, nikawaonyesha kisima, nikawaeleza habari ya majivu. Niliwaeleza kwa uso mkavu kabisa. Nilikuwa na uzoefu mkubwa wa vyoo vya shimo.

Jioni moja mgeni, mama wa makamo aliyefanya kazi ofisini Nairobi, alinikuta nikitengeneza koroboi kwa mkebe wa maziwa. Aliniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia nyumbani, Dandora. Nikamweleza jinsi tunavyovaa akala za tairi kuukuu, tunavyoshona magunia kuwa mapazia, tunavyooga sote kwa ndoo moja, wadogo kwanza, na maji hayo hayo tukadekia. Alinisikiliza akitikisa kichwa kwa furaha.

"Kwa hiyo nyinyi tayari mnaishi hivi! Mnatushinda sisi."

Alikuwa mtu mwema na alimaanisha sifa. Nilimshukuru. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani kwa njia ya mchanga nililirudiarudia jambo lile. Yeye aliichagua ndoo, na wiki ikiisha angeiacha. Sisi hakuna aliyetuuliza. Hata hivyo, niliipenda ndoo ya pale. Niliipenda kwa sababu ukimaliza kuoga unasimama nje na hewa haikurudishii uchafu. Nilitaka kubaki. Sikuwahi kutaka kitu namna ile, na Mama wa Vibanda alikuwa ameniambia kazi ni yangu, nianze mwezi unaofuata.

Nilikusudia kumweleza baba. Yeye akaniwahi. Aliniita bandani mchana, kaka yake akiwepo, na aliponiambia niketi kwenye kigoda nilijua ni neno zito.

"Mwanangu, nikirudi kule nitakufa."

"Usirudi, baba. Tubaki. Tumlete mama na watoto."

Akamtazama kaka yake. Baba mkubwa akasema, "Tulimtumia mama yako maneno, kwa yule dereva wa lori wa kwetu. Jibu limekuja jana."

"Amesemaje?"

"Amesema watoto wako shuleni, na mkubwa ana mtihani mwakani. Amesema chumba cha Nairobi kikikutoka hakirudi. Na amesema," alisita, "kwamba hatakaa jikoni kwa mwanamke mwingine. Si vibaya. Ana haki."

Baba alikuwa akilisugua bakuli kwa kidole gumba, ndani kwa ndani, mahali pamoja.

"Mkono wake umeungua," alisema. "Maji ya sufuria. Hawezi kuinua. Anasaidiwa na jirani."

Hakuniambia nirudi. Nilingoja aseme, na hakusema, na kwa kuwa hakusema ikabidi niseme mwenyewe.

"Nitarudi mimi."

"Kwa muda," baba alisema haraka. "Mpaka mkono upone. Mpaka mimi nianze kutuma kitu."

Nilikwenda kumuaga Mama wa Vibanda. Alisema atanishikia nafasi kadiri atakavyoweza. Mama mkubwa alinipa kapu la nazi na akalia waziwazi. Baba alinisindikiza hadi barabarani kwa miguu, bila kupumzika hata mara moja. Nilitembea kando yake nikisikiliza pumzi yake, safi, sawasawa, na Mungu anajua nilifurahi. Nilifurahi na nilikuwa nimebanwa kifuani kama vile ugonjwa umehamia kwangu.

Nairobi niliinusa kabla ya kuiona.

Mkono wa mama ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Aliniuliza swali moja tu: "Anapumua?" Nikasema anapumua. "Haya," akasema, akanionyesha vichwa vya mbuzi vilipo. Kuanzia siku hiyo sufuria ikawa yangu. Mkono ulipona, lakini haukupata tena nguvu ya kuinua, na ule "muda" ambao baba alisema ukawa hauna mwisho. Alituma kidogo alichoweza. Kilifika kupitia madereva wa malori na kilisaidia karo. Supu ndiyo iliyolipa nyumba.

Nilijaribu kuishi Dandora kama nilivyoishi Pwani. Nilichukua maranda ya bure kutoka kwa wachongaji, nikayashindilia ndani ya debe nikiwa nimesimamisha chupa katikati, nikaitoa chupa, nikawasha kupitia tundu la chini. Mama alisema nitachoma ploti. Lakini debe lile liliwaka asubuhi nzima bila kuguswa, na gunia la makaa likaanza kututosha muda mrefu zaidi. Majirani wawili wakaiga. Niliweka mchicha kwenye mikebe ukutani. Niliwakataza wadogo zangu kutupa chochote kabla hawajaniuliza, wakaniita inspekta. Kisha upepo uligeuka, moshi ukaja kutoka ng'ambo ya barabara, ukafunika mchicha na debe na sisi wenyewe. Taka zile hazikuwa zetu. Unaweza kufagia ua wako mpaka ung'ae, lakini huwezi kufagia jiji. Nilifunga dirisha, nikaziba nyufa, nikaketi gizani saa tisa mchana.

Krismasi baba alikuja. Alikuwa amenenepa, ana rangi, amebeba mabakuli ya mwarobaini ambayo kila mtu wa ploti alitaka kuyashika. Wachongaji wenzake walikuja kuyatazama; mmoja aliyagonga kwa ukucha akasema mnunuzi wake hawezi kuchukua mti asioujua. Baba hakubishana. Tulikwenda kanisani, tulichinja kuku, alipiga mluzi uani. Wiki haikuisha kabla hatujamsikia usiku ameketi, mgongo ukutani.

Asubuhi mama alimfungia gunia lake mwenyewe, kwa mkono mmoja.

"Nenda. Afadhali nikukose ukiwa hai."

"Twende wote," baba alisema. "Nimejenga chumba. Una jiko lako, si la mtu."

"Mwakani. Mtoto akimaliza."

Baba alipoondoka nilishindwa kujizuia. Nilikuwa nakwangua kichwa cha mbuzi na nikakitupa ndani ya karai, maji yakaruka.

"Na mimi je, mama? Kwa kuwa sikohoi, ndiyo nikae hapa?"

Nilitegemea kofi. Mama alijifuta maji usoni kwa ncha ya leso.

"Najua nimekushika," alisema. "Unadhani silioni? Ningekuwa na mikono miwili ningekuachilia." Kisha akasema, "Nenda. Nitaona la kufanya."

Nilimwandikia Mama wa Vibanda wiki hiyo. Alinijibu kwa upole. Alikuwa amengoja, halafu msimu wa wageni ukaanza, akamwajiri msichana wa kijijini. Akipata nafasi nyingine atanikumbuka. Nilimsomea mama barua. Jioni hiyo alinikaangia ini, ambalo kwa kawaida aliliuza.

Yule mkubwa kati ya wadogo zangu alimaliza shule, kisha ikawa zamu ya mdogo. Ile "mwakani" ya mama ilisogea mbele kila ilipokaribia. Miaka mingi ilikuwa imepita nilipomshawishi angalau aende kutembea. Tulimwachia jirani sufuria, tukapanda treni mimi na yeye. Njia nzima alishika kikapu chake mapajani kama mtu anayeshuka kituo kinachofuata.

Baba alikuwa amemfagilia uwanja. Chumba kilikuwepo kweli, cha udongo, kina dirisha kubwa lisilo na ubao wowote wa kulifunga. Jiko lilikuwepo. Mama alilizunguka, akalishika mafiga, akauliza kuni ni zipi. Alipika siku hiyo mwenyewe. Jioni baba alimpeleka ufukoni, na nikawaona kwa mbali wamesimama maji yakiwafika miguuni, hawashikani, hawaongei. Alipenda. Najua alipenda, kwa sababu usiku alilala fofofo, yeye ambaye Dandora aliamka kila mbwa alipobweka.

Lakini siku zilivyokwenda alianza kukaa ukingoni mwa kiti. Aliuliza kama jirani atakumbuka kubabua masikio. Aliuliza lori la dereva wetu linapita lini. Alipofagia uani na kukuta majani tu, alisimama na ufagio kana kwamba ameibiwa kazi.

Siku ya kuondoka, baba alitusindikiza mpaka stesheni ya mjini. Alikuwa mzee sasa, lakini alipanda ngazi bila kusimama. Alimshika mama mkono ule mbovu.

"Kaa," alimwambia. "Watoto wamekua. Kitu gani kinakuita?"

Mama alitazama treni, akatazama watu waliokuwa wakipitisha mizigo madirishani. Nilimwona akilifikiria kwa dhati. Midomo yake ilifunguka, na kwa muda nilidhani atasema ndiyo. Nilianza hata kupanga moyoni nani atachukua chumba, na mimi nitaanza wapi, na kama vibandani bado wananikumbuka.

"Nimezoea," alisema. "Nikikaa hapa nitakuwa natazama tu."

Akapanda. Baba alinigeukia, akafungua mikono kidogo, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu mikononi. Filimbi ililia. Nilimkumbatia, nikasikia pumzi yake sikioni mwangu, ndefu, isiyo na kelele yoyote. Halafu nikaokota vikapu vyote viwili, nikapanda nyuma ya mama, nikatafuta kiti karibu na dirisha.